Kaka wa Dar, Dada wa Shamba na Karatasi Ambayo Mzee Hakuandika

Mtu wa mjini akisikia Tukuyu anawaza baridi, ndizi na zile picha za Instagram zenye majani ya chai kwa nyuma. Hakuna anayewaza mahakama. Ila nenda Mahakama ya Mwanzo siku ya kesi za mirathi, kaa hata nusu saa tu. Utaona watu waliozaliwa tumbo moja wamekaa benchi mbili tofauti na hawasalimiani. Mara nyingi wanachogombania ni shamba ambalo baba yao alilima miaka arobaini bila kuandika hata mstari mmoja.

Familia hii ni moja kati ya hizo. Majina yanabaki huko huko, maana wahusika bado wanaishi pale na Rungwe watu wanajuana.

Mzee alikuwa na ekari kama tatu na kitu kijijini, nje kidogo ya mji. Ekari moja ni chai ya zamani aliyoipanda mwenyewe akiwa kijana. Nyingine ilikuwa ndizi na viazi. Kule bondeni kulikuwa na majani ya ng'ombe wawili wa maziwa. Mjini Tukuyu alikuwa na kiwanja chenye vyumba viwili vya kupangisha. Kwa macho ya Dar huyo ni mzee wa kawaida tu, lakini kwa Rungwe ni mtu aliyejipanga.

Watoto walikuwa watatu. Kaka mkubwa yuko Dar, anauza vifaa vya simu Kariakoo. Mdogo wa mwisho anaendesha bodaboda hapo hapo Tukuyu. Katikati yupo dada, aliyerudi nyumbani mwaka 2015 baada ya ndoa kuvunjika, mtoto mgongoni na begi moja.

Dada hakurudi kulala. Alimbembeleza baba yake mpaka akakubali kung'oa ndizi kwenye ekari moja wapande parachichi za Hass. Baba alitoa ardhi. Hela ya miche 70 ya kubebesha ilitoka kwa dada, kwenye maziwa aliyokuwa anauza na mkopo wa vikoba. Parachichi ya kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, kwa hiyo miaka yote hiyo alikuwa anapalilia na kuweka samadi bila kuingiza hata mia. Majirani walimcheka. Lori la kwanza la kubeba matunda lilipokuja, wakaacha kucheka na kuanza kuulizia miche.

Mzee akaanza kuumwa. Presha, halafu sukari, halafu upande mmoja ukapooza. Dada ndiye alikuwa anamwogesha na kumgeuza usiku. Kaka wa Dar naye si shetani kwenye stori hii, hapana. Alikuwa anatuma hela kwa simu kila mwezi, na bili kubwa ya hospitali aliilipa peke yake, tena kwa kuuza gari. Hata bati za nyumba ya wazee ni hela yake.

Yaani kila mtu alichangia, ila michango yote ilikuwa kichwani mwa mzee. Kwenye karatasi haikuwepo popote.

Mama aliwahi kuligusa hilo jambo mara moja tu. Jioni moja wanakula mbalaga akasema, "Baba fulani, si uwaite watoto uwaambie nani achukue wapi?" Mzee akaweka kijiko chini. "Kumbe mnasubiri nife?" Basi, ikaishia hapo. Nyumba nyingi mtu akitaja wosia anaonekana anajichuria kifo, au anamchuria mwenzake. Wakanyamaza miaka minne, mpaka kifo kikaja bila kuchuriwa na mtu.

Siku chache baada ya mazishi ukoo ukakaa. Baba mdogo ndiye aliyeongoza kikao. Likatajwa jina la kaka mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, wote wakaitikia. Dada wakati huo alikuwa jikoni anapikia wageni. Alipoitwa kusaini muhtasari alisaini huku mikono ina maji, akijua ni taratibu tu za kupeleka mahakamani. Mahakama ikamthibitisha kaka.

Miezi miwili baadaye kaka akashuka Tukuyu na mtu mwenye gari nzuri. Alikuwa mnunuzi, na hakuwa na shida na chai wala vyumba vya mjini. Alitaka ile ekari ya parachichi, na alikuwa na hela mkononi.

Dada akauliza, "Kaka, unauzaje miti yangu?"

Kaka akajibu, "Miti yako iko kwenye ardhi ya baba. Na msimamizi ni mimi."

Mama akamgeukia shemeji yake, baba mdogo, amsaidie. Baba mdogo akasema maneno ambayo wengi wameyasikia kwenye vikao vya namna hii: mtoto wa kike ataolewa tena, na mama atatunzwa na watoto wake.

Hapa usimlaumu baba mdogo peke yake. Maneno hayo yapo mpaka kwenye maandishi ya serikali. Mwaka 1963 zilitangazwa kanuni za urithi za kimila kwa makabila yanayofuata upande wa baba. Zinapanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wanaume wengine la pili, watoto wa kike la tatu. Ardhi ya ukoo binti anaruhusiwa kuitumia, lakini kuiuza ni marufuku labda kama ukoo hauna mwanaume kabisa. Mjane hana fungu lake. Fungu lake, kwa mujibu wa kanuni hizo, ni kutunzwa na wanawe.

Wapo wanaosema ndiyo mila yetu tangu enzi. Sawa, lakini mila ipi? Wazungu wawili, Godfrey na Monica Wilson, waliishi na Wanyakyusa miaka ya 1930 wakiandika maisha yao. Walikuta kwamba mwanaume akifa, mrithi wake wa kwanza alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, siyo mtoto wake. Tungebaki na mila hiyo, kaka wa Dar naye angetoka mikono mitupu na shamba lote lingekuwa la baba mdogo. Hakuna aliyeitaja kwenye kikao. Mila imekuwa ikibadilika siku zote, ila kwenye vikao watu huikumbuka ile inayowafaa.

Dada alilia wiki nzima. Halafu mama mmoja wa vikoba akamshika mkono hadi kwa msaidizi wa kisheria, wale watu wanaotoa msaada bure. Huko akasikia vitu vitatu ambavyo hakuna mtu aliwahi kumwambia.

Cha kwanza: msimamizi wa mirathi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, na kurudi mahakamani kueleza amefanya nini. Kwenye Mahakama ya Mwanzo anapewa miezi minne kuleta orodha kamili ya mali na madeni, labda mahakama imuongezee muda. Ni kama kondakta. Nauli zote anashika yeye, lakini basi siyo lake. Akikiuka, mrithi yeyote anaweza kwenda mahakama hiyo hiyo kumlalamikia, na anaweza kuondolewa.

Cha pili: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanaume. Mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke, sheria hiyo inaihesabu ni batili.

Cha tatu ni kesi ya bibi mmoja wa Kagera, Holaria Pastory. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Alipozeeka, hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza. Mtoto wa ndugu yake akamshtaki, hoja ikiwa ni kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema ubaguzi huo unapingana na Katiba, bibi ana haki kama mwanaume. Watu wakiisimulia wanamsifu jaji, na anastahili. Ila kuna mtu mmoja wanamsahau: yule baba aliyeandika wosia. Bila karatasi yake, binti asingekuwa na shamba la kushtakiwa.

Dada akaenda mahakamani. Hakimu akamwita kaka na kumuuliza orodha ya mali iko wapi. Hakuwa nayo. Mnunuzi aliposikia shamba lina kesi akawasha gari lake akapotea. Zikapita kama miezi kumi ya nenda rudi, nauli za Dar hadi Tukuyu, na maneno mazito kwenye grupu la WhatsApp la familia mpaka mdogo wa bodaboda akalifuta.

Mwisho walikubaliana. Kaka akachukua kiwanja cha mjini na vyumba vyake. Mdogo akapata chai. Ekari ya parachichi na nyumba zikabaki kwa mama na dada. Ile bili ya hospitali aliyolipa kaka ilihesabiwa kama deni, na ili alipwe ikabidi wauze bondeni, kwenye majani ya ng'ombe. Ng'ombe nao wakauzwa, maana wangekula nini? Maziwa yaliyonunua miche ya parachichi ndiyo yamekwenda hivyo. Krismasi iliyopita kaka hakuja.

Sasa kuna mzee jirani, rafiki wa marehemu, aliyeyaona yote hayo kutokea ng'ambo ya uzio. Naye ana chai, ndizi na watoto watano waliosambaa Mbeya, Dar na Kyela. Hakusema kitu. Krismasi ileile, watoto wake wote wakiwa nyumbani, aliwaamsha asubuhi wakavaa mabuti.

Akawatembeza mpaka wa shamba, mti kwa mti, na jirani wa kila upande ameitwa. Watoto wawili hawakuwa wanajua hata shamba linaishia wapi.

Waliporudi akamwambia binti mwenye mwandiko mzuri aandike. Ardhi, ng'ombe, akaunti ya benki, namba yake ya mkulima kwenye chama, anayemdai na anaowadai. Akasema mbele ya wote miti ipi imepandwa na nani kwa hela ya nani. Mkwe mmoja alinuna. Akanuna mzee akiwa hai, akajibiwa na mwenye mali, ikaisha siku hiyo hiyo.

Halafu chai. Ekari moja na nusu ukiigawa kwa watu watano kila mmoja anapata kitambaa, hata kumlipa mchumaji ni hasara. Akaamua haikatwi. Anayekaa nayo anaihudumia, na wenzake anawapa fungu lao kila mwaka. Wamekubaliana kiasi, kimeandikwa.

Baadaye akaenda halmashauri ya kijiji kuomba hati ya haki miliki ya kimila, kwa jina lake na la mkewe pamoja, maana hati hiyo inaweza kubeba zaidi ya jina moja. Tena hapo ndipo mke anapopata usalama wake wa kweli, kabla msiba haujafika.

Mwisho, wosia. Hapa usikosee, maana wosia wenye kasoro unaweza kukataliwa. Kwa kanuni zile zile za kimila, mtu anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wawili. Mke aliyepo nyumbani naye awepo ashuhudie. Uandikwe kwa kalamu ya wino, siyo penseli, uwe na tarehe na sahihi. Mashahidi ni vizuri wasiwe warithi. Kama unamnyima mtu, sababu iandikwe. Na ukibadilisha mawazo unaandika mwingine, wosia si kaburi. RITA wanasaidia kuandika na wanahifadhi. Usiufiche chini ya godoro halafu ufe nao siri.

Yule mzee bado yupo, na bado anapiga kelele kuku wakiingia kwenye mboga. Kuandika wosia hakujamuua.

Kuna kitu vijana wa mjini mnakikwepa kwenye mambo haya. Mnadhani kumuuliza baba kuhusu shamba ni tamaa. Inategemea unauliza nini. "Baba, mimi utanipa nini?" hiyo ni tamaa. "Baba, mama atakaa wapi, na aliyebaki hapa anakulima na kukuuguza analindwa vipi?" hilo ni swali la mtoto mwenye akili. Liulize wewe uliye mbali. Akiliuliza yule aliyebaki nyumbani ataonekana anataka kunyakua, na ndiyo maana huwa hasemi kitu.

Kwenu vipi, nani alibaki shambani? Na jina lake limeandikwa wapi?