Mwana Akililia Wembe

Miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nazo mapema, zipo tatu zilizotoka katika kazi moja ya kunyoa. Mwana akililia wembe, mpe. Ukiona mwenzako ananyolewa, nawe tia maji. Kinyozi hajinyoi. Aghalabu methali hizi hufafanuliwa darasani kwa maana ya ndani peke yake: ya kwanza humkanya mkaidi, ya pili humhimiza mtu ajiandae kwa yatakayomfika, na ya tatu hukumbusha kwamba hata fundi humhitaji mwenziwe. Maana ya nje hupitwa upesi, kana kwamba wembe ni kitu ambacho kila mtu amekwisha kukishika. Hali si hiyo tena. Wembe wanaoujua vijana wengi ni ule bapa uliofungwa katika karatasi, au ule wa plastiki unaotumiwa mara chache na kutupwa. Wembe unaonolewa, wenye mgongo mnene na makali upande mmoja, umewatoka machoni.

Katika viunga vya mji wa Kibwezi, kaunti ya Makueni, kijana mmoja aliulilia wembe wa namna hiyo, tena si kwa ukaidi bali kwa haja. Babu yake alikuwa amejinyoa ndevu kwa miaka zaidi ya arobaini kwa wembe wa kukunja aliounua Mombasa zamani za kibarua chake bandarini. Juu ya chuma chake limechorwa neno Solingen, jina la mji wa Ujerumani uliosifika kwa visu na nyembe. Kisha mzee alipatwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia ukapoteza nguvu. Akapelekwa kwa kinyozi sokoni, lakini mashine ya umeme ilimwachia visiki vya ndevu. Akanunuliwa nyembe za plastiki zenye makali mawili matatu yaliyopangwa pamoja, nazo zikamtia vipele shingoni. Vipele hivyo vina sababu yake. Makali ya kwanza huuvuta unywele na yale yanayofuata huukata chini ya usawa wa ngozi. Na kwa kuwa nywele za Mwafrika hujikunja, ncha iliyokatwa huota ikirudi ndani ya nyama na kuiwasha.

Mtu wa nje angeliona jambo hilo kuwa dogo. Kwa mzee yule halikuwa dogo. Alikuwa mtu asiyeingia kanisani na visiki kidevuni, wala kuketi katika kikao cha ukoo. Alianza kukosa Jumapili moja, kisha mbili, kisha akaacha kabisa kutoka nje ya ua wake. Wanawe walidhani ni maradhi yanayomlaza. Mjukuu ndiye aliyetambua kwamba kinachomfungia babu nyumbani ni aibu, akaenda akamwomba amfundishe kutumia wembe ule.

Mzee hakumpa wembe. Alimpa ukanda wa ngozi na kisu kikuukuu kisichokata, akamwambia aufunge ukanda kwenye msumari wa mlangoni na ajifunze kwanza kupisha chuma juu yake.

“Mgongo utangulie, makali yafuate,” alisema. “Ukikosea hapo, utaukata ukanda na kuua wembe kwa mara moja.”

Kauli hiyo ndiyo msingi wa kazi nzima. Chuma hulazwa bapa juu ya ngozi, kikavutwa mgongo ukiwa mbele. Kikifika mwisho, hugeuzwa kwa kubiringishwa juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali, ndipo kirudishwe. Kijana alidhani huko ndiko kunoa, akasahihishwa. Kunoa ni kazi ya kinoo, jiwe linalokula chuma na kufanya makali mapya. Hilo hufanywa mara chache, baada ya miezi. Ukanda hauli chuma kwa kiasi hicho. Kazi yake ni kuyanyoosha na kuyalainisha makali yaliyopindika kidogo mno yasionekane kwa macho, na hiyo ni kazi ya kila mara kabla ya kunyoa. Kwa muda wa wiki tatu kijana alipisha kisu kile jioni hadi jioni, mpaka mkono wake ukaacha kufikiri.

Somo la pili lilikuwa la maji. Kibwezi ni nchi kavu, nchi ya mibuyu na vumbi jekundu, ingawa chini ya Milima ya Chyulu ardhi ya volkeno huyafyonza maji ya mvua na kuyatoa tena katika chemchemi, kama zile za Umani katika Msitu wa Kibwezi. Aishiye mbali na chemchemi huyahesabu maji yake kwa mitungi. Kwa hiyo kijana alistaajabu babu alipoagiza maji ya moto beseni tele kwa ajili ya ndevu za mtu mmoja. Alipotaka kupunguza, mzee alikataa. Unywele mkavu ni mgumu. Ukiloweshwa kwa dakika kadhaa hunywa maji, hufura na kulainika, na hapo wembe huhitaji nguvu ndogo kuukata. Kitambaa cha moto hutangulia, povu la sabuni hufuata, wembe huja mwisho. Hapo ndipo methali ya pili ilipomfunukia kijana kwa maana yake ya nje. Anayeambiwa atie maji anafundishwa namna ya kutoumia, maana zamu yake ikifika, wembe hautamsubiri alowane.

Somo la tatu lilihitaji uso, na babu alishikilia kwamba uso huo uwe wa mwanafunzi mwenyewe. Lakini si kwa wembe wa Solingen. Mzee alikumbuka vyema miaka ya 1990, watoa mafunzo ya afya walipozunguka vijijini wakionya watu wasichangie vifaa vyenye makali. Kisa cha kwanza cha UKIMWI nchini Kenya kilitambuliwa mwaka 1984, na mwaka 1999 serikali ikautangaza kuwa janga la kitaifa. Msemo wa “wembe ni ule ule”, ambao washindani huutumia kujitapa kwamba kilichomnyoa fulani jana kitamnyoa mwingine leo, uligeuka kuwa hofu: wembe kuwa ule ule ndiko hatari yenyewe ilikokuwa. Kwa hiyo kijana alijinunulia kishikio kinachotiwa kipande kipya cha wembe kila mara, akajifunzia hicho.

Alifundishwa kuulaza wembe karibu na ngozi, mgongo ukiinuliwa kiasi cha nyuzi 30. Kuivuta ngozi kwa vidole vya mkono wa pili hadi ikaze. Kufuata mlalo wa nywele badala ya kuupinga. Na kutouburuta wembe kando kwa kando, kwani hapo huacha kunyoa ukaanza kuchanja. Siku ya kwanza alijikata chini ya sikio. Babu alimpa kipande cha shabu apake, kikamchoma na damu ikakoma.

“Umebonyeza,” mzee alimwambia. “Wembe mkali hausukumwi, mjukuu wangu. Ukiona unausukuma, rudi kwenye ukanda.”

Miezi miwili ilipita kabla ya mzee kukubali kuketi kitini. Siku hiyo walinyoa mashavu tu. Ngozi ya mzee imelegea na ina makunyanzi, hivyo kila hatua ya wembe ilitanguliwa na kuvutwa kwa ngozi, na kazi ambayo mwenyewe aliimaliza zamani kwa dakika kumi ilichukua karibu saa nzima. Shingo waliiacha kwa wiki iliyofuata. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, lakini wote wawili walijua kwamba shavu likikatwa hushonwa, na kwamba anayeinua kidevu mbele ya wembe wa mwenziwe amemkabidhi kitu kisichorudishwa kikipotea. Wiki hiyo ya pili mzee aliinua kidevu. Jumapili yake alikwenda kanisani, akishika mkongojo kwa mkono wa kushoto.

Haifai kudhani kwamba heshima ya mtu imo katika shavu laini. Huko Makindu, si mbali na Kibwezi, limesimama tangu mwaka 1926 hekalu la Masingasinga ambamo msafiri yeyote hulishwa na kulazwa bila malipo, na waumini wake hushika dini kwa kutokata nywele kabisa. Heshima ya mzee wa Kibwezi ilikuwa katika kuamua mwenyewe uso wake uonekaneje, na kumpata mtu wa kuutekeleza uamuzi huo mkono wake uliposhindwa.

Kwa mkasa huu, methali ya kwanza inaweza kusomwa upya. Desturi ni kuifafanua kwamba mwana apewe wembe umkate, apate funzo. Mzee yule naye alimpa mwana wembe, ila alitanguliza ukanda, akafuatisha maji, akamwacha ajikate kidogo mahali pasipo hatari, yeye akiwa karibu na shabu mkononi. Wanafunzi wanaokwenda nyanjani kukusanya methali wangefanya vyema kuuliza swali moja zaidi ya lile la maana na matumizi: kitu hiki kinachotajwa kilifanyaje kazi? Wanaoweza kulijibu kwa mikono bado wapo Kibwezi na kwingineko, ingawa mikono ya baadhi yao imeanza kutetemeka.