Kariakoo yafufua simu kuukuu, video zacheza!

Msomaji wangu, ukitaka kuwaona Wabongo wanavyopambana na maisha bila kukata tamaa, usihangaike kwenda Masaki. Nenda Kariakoo, pale Mtaa wa Aggrey unapokutana na Likoma, saa nne asubuhi, jua likiwa limeanza kuchoma. Ni simu tupu! Simu mpya zinang'aa kwenye makabati ya vioo, simu zilizopasuka zimelazwa kwenye meza za mafundi kama wagonjwa wodini, na katikati yake vijana wenye mdomo wanakuvuta mkono: "Braza, kava hapa! Protekta! Chaji orijino!" Ukigeuka kushoto mkokoteni, ukigeuka kulia bodaboda. Ukisimama tu, umeshauziwa kitu.

Wazee wa mji wanajua jina hili lilikotoka. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na kambi yake ilikuwa hapa. Waswahili wakalitamka wanavyoweza, likawa Kariakoo. Soko kuu liliungua Julai 10, 2021, lakini biashara kwenye mitaa ya jirani iliendelea. Mizigo ya watu inaendelea kubebwa, na siku hizi mizigo mingine inaingia mfukoni.

Mzigo wetu Jumamosi iliyopita ulikuwa simu ya mdogo wangu wa kike. Huyu bibie ni fundi cherehani wa Manzese, mikono yake imetulia kwelikweli. Tatizo ni kwamba alikuwa amepokea nusu ya fedha ya koti la kike lenye bitana, la mtu wa harusi, na bitana hajawahi kuishona. Alijua pa kujifunzia: YouTube, kuna mama mmoja anafundisha hatua kwa hatua. Lakini kila akigusa ile programu, simu inamwambia asasishe kwanza. Akienda kusasisha, anaambiwa simu yake haifai. Weee! Simu nzima, kioo kizima, inakaa na chaji mpaka jioni, halafu haifai?

"Kaka, harusi ni wiki mbili zijazo," aliniambia. "Hela ya bitana nimeshanunua bitana."

Basi tukapanda mwendokasi pale Manzese, yale mabasi yaliyoanza kazi mwaka 2016. Tulibanana kama dagaa kwenye pakiti. Tukapita Magomeni, tukashuka bonde la Jangwani, ambako kwa miaka mingi mvua kubwa ikinyesha barabara ilikuwa ikifungwa na watu wanabaki kuangaliana, tukapita Fire, hadi kituo cha Gerezani. Njiani nikahesabu vijana saba waliokuwa wakiangalia video kwenye simu, mmoja bila hata aibu ya kuvaa spika za masikioni. Mdogo wangu ameshika yake mkononi, imezimwa. Iliniuma kidogo.

Duka la kwanza tuliloingia lilikuwa na kiyoyozi na dada mwenye tabasamu la kumtoa nyoka pangoni. Aliigeuza simu yetu mara moja tu, akairudisha juu ya kabati kama ameshika kandambili. "Hii imeshapitwa, dada yangu. Chukua mpya kwa mkopo. Unatanguliza kidogo, unalipa kila siku kidogokidogo." Mdogo wangu akauliza, "Na nisipolipa siku mbili?" Jibu: simu inajifunga mpaka ulipe. Tukatazamana. Fundi cherehani ana siku za neema na siku za ukame. Simu ikijifunga siku ya ukame, wateja hawampati, na hela wanazomtumia hazioni. Tukaaga kwa heshima.

Nje tu, kijana mmoja aliyekuwa amesikia kila kitu akatudaka. "Sista, mimi ninayo YouTube iliyopikwa. Haina matangazo, inakubali simu zote. Nakurushia kwa Bluetooth sasa hivi, nipe ya soda tu." Dili hilo! Bei ya soda, tatizo limekwisha. Mdogo wangu alishaanza kufungua pochi.

Aliyetuokoa ni fundi mmoja wa meza ya pembeni, kijana mwembamba, bisibisi sikioni kama sigara. Alimwita yule jamaa, akaomba aione hiyo programu kabla haijaingia, akasoma orodha ya ruhusa inazoomba. Kisha akatugeuzia kioo. "Soma mwenyewe, dada. Inataka kusoma meseji zako. Video ina shida gani na meseji?"

Hapo ndipo moyo ulipopiga. Simu ile ile ndiyo yenye laini ya pesa. Wateja wanalipa humo, namba za siri za kuthibitisha zinaingia kwa meseji humo. Programu ya mtaani inayosoma meseji ni sawa na kumpa mgeni ufunguo wa kabati halafu ukalala. Si kila programu ya namna hiyo ni ya wizi, lakini utaijuaje? Yule jamaa alipoona mambo yamegeuka, akaingia mitini bila hata ya soda.

Fundi akatupa kigoda, akaanza kazi. Nilidhani atafungua simu kwa bisibisi. Wapi! Alianza na tarehe. "Hii simu inadhani tuko mwaka 2015," akacheka. Kumbe betri ikiisha kabisa, saa ya simu nyingine za zamani hurudi nyuma. Na tarehe ikiwa ya uongo, tovuti nyingi zinagoma kufunguka, maana cheti cha usalama cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Simu inaona cheti cha leo kama kitu cha miaka ijayo, inakikataa. Alirekebisha tarehe, nusu ya ugonjwa ukapona palepale.

Nusu ya pili ilikuwa nzito zaidi. Simu yetu ni Android 5, toleo lililotoka mwaka 2014. Programu ya YouTube ya sasa haikubali tena toleo la zamani kama hilo. Kwa hiyo simu haijaharibika. Imeachwa kituoni, basi limeondoka!

Kuna wakati wenyewe Google waliwafikiria watu wa simu ndogo. Mwaka 2016 walitangaza YouTube Go huko India, na mwaka 2018 wakaipeleka katika nchi zaidi ya 130. Ilikuwa inakuonyesha kwanza video itakula MB ngapi, unachagua ubora kabla ya kuanza, na unaweza kumrushia rafiki aliye karibu bila kutumia bando. Watu wa bando la mawazo waliipenda. Agosti 2022 wakaifunga, wakisema programu kubwa sasa imeboreshwa. Imeboreshwa kwa nani? Kwa simu za Aggrey hapana.

"Sasa tuachane na programu," fundi akasema. Alifungua Chrome iliyokuwamo, akaandika m.youtube.com, akamtafuta yule mama wa mishono, akaenda kwenye alama ya mipangilio ya video, akashusha ubora mpaka 240. Picha ikatetemeka kidogo, halafu... ikacheza! Mkasi unaonekana, chaki inaonekana, sauti safi. Kisha akaweka njia ya mkato ya ukurasa huo kwenye uso wa simu, ikakaa pale kama programu nyingine. Mdogo wangu alipiga makofi, wateja wa meza ya pili wakageuka.

Nikamuuliza kwa nini simu inapata moto video zikiwa na ubora mkubwa. Akanieleza vizuri kuliko walimu wengi niliowahi kukaa mbele yao. Video husafiri ikiwa imebanwa, na simu ndiyo inayoibanua. Simu nyingi za zamani zina kifaa maalumu ndani cha kubanua mtindo uitwao H.264, ambao ni wa mwaka 2003. Mitindo mipya kama AV1, iliyotoka 2018, inabana zaidi, lakini simu kuukuu haina kifaa chake. Inalazimika kutumia nguvu ya ubongo wake wote, ndiyo maana inachemka, betri inashuka na picha inakwama sauti ikitangulia.

Ubora mdogo pia ni huruma kwa bando. Piga hesabu mwenyewe: video inayokuja kwa kilobiti 500 kwa sekunde inakula kama MB 225 kwa saa. Ikija kwa kilobiti 200, ni MB 90. Kukata bitana hakuhitaji picha ya sinema.

Kuna nyingine inaitwa NewPipe, ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu na kwa miaka mingi ilikuwa ikikubali hata Android 5. Fundi aliitaja lakini hakuisukuma. Haipo Play Store, watu huichukua F-Droid, haina baraka za YouTube, na YouTube wakibadilisha kitu upande wao inazimika mpaka watengenezaji wairekebishe. Ukiitaka, ifuate kwenye chanzo chake, usirushiwe mtaani.

Kwa video ambazo tayari unazo, alituwekea VLC. Hii ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja nchini Ufaransa, mpaka leo ni ya bure, na haibagui simu za zamani. Mdogo wangu ana video ambazo mwalimu wake wa ushonaji alimrekodia mwenyewe, zimelala kwenye memori kadi miaka yote bila kufunguka. VLC ikazifungua moja baada ya nyingine, na bando halikuguswa.

Nilidhani tumemaliza. Nikatoa hela, fundi akaishika lakini hakutuachia. "Bado kitu kimoja, dada. Nyumbani una kitochi?"

Anacho, kwenye droo ya cherehani. "Laini ya hela ihamie kwenye kitochi leo leo. Hii simu kubwa haipati tena marekebisho ya usalama. Iache iwe ya video na laini ya bando. Hela zako zikae kwenye kitu ambacho hakiingii intaneti."

Msomaji, nilisimama nikamwangalia yule kijana. Kutuma na kupokea pesa kunafanyika kwa kubonyeza namba tu, kitochi kinaweza, hakihitaji hata MB moja. Duka lenye kiyoyozi lilitaka kumuuzia simu ya tatu, wakati mbili anazo, zilikosa mpangilio tu. Na wala hakutoza zaidi kwa ushauri huo.

Tulikaa chini ya kivuli cha jengo moja pale Likoma, mdogo wangu akaangalia somo la bitana mara mbili, akichora kwenye karatasi ya risiti. Muuza kahawa alisimama akachungulia naye. Jioni ile ile laini ikahamia kwenye kitochi, na Jumatatu mkasi ukaingia kwenye kitambaa. Ninapoandika haya koti limebaki vifungo tu, na mwenye nalo amelijaribu mara mbili mbele ya kioo, hataki kulivua.

Haya, wewe uliyeficha simu kuukuu kabatini kwa aibu, itoe. Weka tarehe sahihi, pitia kwenye Chrome, shusha ubora, na pesa zako ziweke kwenye kitochi. Ukishindwa, panda mwendokasi ushuke Gerezani, uliza mafundi wa Aggrey. Ila ukisikia mtu anakuita, "Sista, nikurushie kwa Bluetooth," kaza mwendo!