Usifiche AI, Ficha Funguo

Kuna swali moja wasee hunitumia karibu kila wiki: "Buda, nimetengeneza programu na AI, sasa nataka kuihamisha kwa domeni ya mteja. Natoaje alama zote asijue?" Mwaka jana ningekujibu na video ya sekunde 40. Leo nataka kulijibu polepole, kwa sababu hilo swali karibu liniharibie jina kule Embu.

Wenye mmenifuata kitambo mnajua niko Makutano, Meru, na niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma. Tangu hapo ni video na vitovuti vidogo vidogo. Hii staili ya kuongea na AI mpaka programu itokee, ile Andrej Karpathy aliibatiza "vibe coding" Februari 2025, ndiyo inanilipia nyumba. Sioni aibu nayo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kikundi cha maziwa upande wa Runyenjes. Wakulima 112. Kila asubuhi karani anaandika lita kwa kitabu, na mwisho wa mwezi mweka hazina anakesha na kikokotoo. Walitaka jina la mkulima, lita na malipo yaonekane kwa simu. Wikendi moja tu, ikawa tayari. Nikapewa nusu ya pesa, nusu ingine ingekuja baada ya kuhamia domeni yao ya .co.ke.

Sasa hapo ndipo nikafanya "usafi". Nilitoa ile baji ya kona ya chini. Nikabadilisha kile kijipicha cha juu kwa kichupo cha kivinjari. Nikafuta README na maoni yote yaliyonuka AI. Nikapandisha kila kitu kwa seva mpya, nikalala nikijiona fundi.

Asubuhi mweka hazina akatuma linki kwa grupu lao la WhatsApp. Dakika chache simu ikalia.

"Kijana wangu, mbona hapa kumetokea picha ya kampuni ingine? Tumekulipa wewe ama tumewalipa hao?"

Ilikuwa ile picha ya og:image, ile WhatsApp huvuta unapotuma linki. Sikuwa nimeigusa. Nikamwambia, "Pole Mama, narekebisha leo leo." Usiku huo nikafungua faili zote, moja baada ya ingine. Na nitasema ukweli: ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzisoma.

Nilipata programu-jalizi ndani ya vite.config yenye haina kazi nje ya kule mradi ulizaliwa. Nikapata wakulima watatu wa uongo. Halafu nikapata kitu kilichonitoa jasho: ufunguo wa service_role wa hifadhidata ya Supabase, umewekwa kwa jina linaloanza na VITE_. Kama hujui, Vite huchukua kila kitu chenye hilo jina mwanzoni na kukipeleka hadi kwa kivinjari cha mtu yeyote. Na huo ufunguo hupita sheria zote za nani aone nini. Yaani nilikuwa nimefunga stoo kwa kufuli, halafu nikatundika ufunguo kando ya kufuli.

Ulifikaje hapo? Mimi ndiye niliuweka. Siku moja orodha ya wakulima ilikataa kufunguka, nikamwambia AI, "ondoa hii error." Ikaniomba ufunguo, nikabandika. Error ikaisha, nikafurahi. Ile error ilikuwa ndiyo mlinzi, na mimi nikamfuta kazi.

Kufuta mstari huo peke yake hakusaidii. Git hukumbuka kila kitu, na ile nakala ya kwanza ilikuwa bado hewani kwa anwani ya zamani. Kwa hivyo nilibadilisha funguo kwanza, nikazima ile nakala ya zamani, nikahamisha kazi ya ufunguo hadi upande wa seva, halafu nikawasha sheria za usalama kwa kila jedwali. Mwisho nikapitia kumbukumbu za hifadhidata. Zile nilizoweza kuona hazikuwa na mgeni.

Saa tisa usiku, kila kitu kimefungwa. Ningeweza kunyamaza. Nani angejua?

Lakini majina, simu na vitambulisho vya watu 112 havikuwa vyangu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mdhibiti wa data saa 72 kumwarifu Kamishna, data ikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kuwe na hatari ya kweli ya madhara. Kuamua kama tumefika hapo ilikuwa kazi yao, na hawangeamua jambo ambalo hawajaambiwa. Asubuhi nikapanda matatu. Nkubu, Chuka, daraja la Thuci, Runyenjes. Njia nzima nilikuwa nahesabu ile nusu ya pesa kama imeenda.

Mweka hazina alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Uliona lini?" Nikasema jana usiku. Akaniambia nikae, mkutano wa kikundi ni mchana, nitawaambia mwenyewe. Niliwaambia, hata ile sehemu ya AI. Hiyo hata hawakushtuka nayo. Mzee mmoja tu ndiye aliinua mkono: "Na nambari ya kitambulisho ulikuwa unaitakia nini?"

Sikuwa na jibu. AI ilikuwa imeiweka kwa fomu, nami nikaiacha. Kikundi hulipa kwa nambari ya mwanachama na simu, basi. Tuliifuta hiyo safu yote pale pale, wakiangalia.

Nusu yangu nililipwa mwezi uliofuata, baada ya karani kuitumia siku 30 bila shida.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Toa baji, toa picha, ni sawa, mteja anataka jina lake. Lakini mwambie umetumia AI, halafu tumia ule muda ungeutumia kuficha kutafuta funguo, kurasa za majaribio, nakala za zamani, na data ambayo hakuna mtu anaihitaji. Na kama huwezi kueleza faili inafanya nini, usiihamishe bado.