Daftari la Siku Kavu

Watoto wa avenyu yetu hapa Uvira waliniita Mwalimu Samaki, na jina hilo nililitafuta mwenyewe. Kila Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, nilisimama na koleo mkononi, mtaro ukiwa bado haujazibuliwa hata nusu, nikiwahubiria akina mama waliokuwa wakipanda kutoka ziwani na bidoni kichwani: "Maji ya ziwa ni ya samaki! Mtu hanywi!" Walinipita kimya. Ninafundisha hesabu sekondari, lakini kwa habari ya kipindupindu nilijifanya mchungaji. Kwangu ulikuwa ugonjwa wa uchafu, uchafu ulikuwa tabia, na mwenye tabia mbaya ni wa kusemwa mpaka aone haya.

Maneno yalinitoka kwa wepesi kwa sababu nilikuwa na robine, bomba la maji, ndani ya pariseli yangu.

Mwaka 2013, wakati wa kiangazi, robine ilikauka siku tatu mfululizo. Hatukushtuka, tulizoea, wala hatukuwa tumeweka akiba, maana mwenye bomba huona akiba ni kazi ya wengine. Usiku wa nne binti yangu wa miaka sita alianza kuhara maji meupe kama yale ya kuoshea mchele. Kufika alfajiri macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo nikiifinya ilibaki imesimama. Tulimbeba kwa pikipiki, mama yake akimshikilia katikati yetu. Kituoni walimlaza kwenye kile kitanda chenye tundu na ndoo chini yake, wakamtundikia seramu. Anayejua kitanda hicho hahitaji kuelezwa.

Muuguzi alifungua daftari kubwa. "Papa, mnakunywa maji gani?"

"Ya robine," nikajibu, kifua mbele.

"Na robine yenu inatoka?"

Sikuwa na jibu. Wakati anaandika tarehe, umri na kartie, nilisoma ukurasa ule juu chini, kama wazazi wanavyochungulia alama za watoto wao mezani kwangu. Kartie yetu ilikuwa imejipanga mstari baada ya mstari, na tarehe zote zilikuwa za wiki ile ile. Ina maana watu wote wale walikuwa wachafu kwa pamoja, kuanzia Jumatatu?

Binti alipona. Siku tuliyorudi nilinunua daftari la kurasa 96 nikapiga mistari miwili. Upande wa kushoto: robine imetoka au haikutoka. Upande wa kulia: wagonjwa wa kuhara niliosikia katika avenyu. Baada ya miezi kadhaa sikuhitaji kuwa mwalimu wa hesabu kuona jinsi upande wa kulia ulivyokuwa ukifuata wa kushoto, siku chache nyuma, kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni.

Nakiri kwamba mwanzoni daftari lile nililifanya rungu. Nililipeleka ofisini, nikapaza sauti. Ofisi ya kwanza ilinituma ya pili, ya pili ikanieleza kuwa pampu hazisukumi bila umeme na umeme si wao, ya tatu ikaniuliza nimetumwa na nani. Nilirudi nyumbani nimechoka na nikijiona shujaa, ambavyo ni vitu viwili visivyofaa kukaa katika mtu mmoja.

Mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekuwa ameingia kazi ya afya, ndiye aliyenieleza baadaye kwamba watafiti nao walikuwa wamefanya hesabu yangu, ila kwa mizani ya kweli. Walilinganisha kumbukumbu za maji na za wagonjwa wa Uvira kuanzia 2009 hadi 2014, wakachapisha mwaka 2015. Baada ya siku moja isiyo na maji ya bomba, wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, yaani zaidi ya mara mbili na nusu. Kilichonikalisha chini, hata hivyo, ni jambo lingine: ongezeko lilikuwa kali zaidi katika kartie zinazotumia sana maji ya bomba. Kwetu, basi! Kwa wenye robine!

Nilifikiria sana. Mama anayeshuka ziwani kila siku anajua pa kusimama, anawajua wale vijana wa kujitolea wanaotia klorini ndani ya bidoni pale ufukweni, ana chombo chenye mfuniko. Robine yangu ikikauka, nashuka kwa haraka, gizani, na ndoo ya kufulia.

Nilimwendea jirani muuza ndagala, mmoja wa wale niliowahubiria miaka yote, nikamwomba msamaha. Aliendelea kugeuza samaki wake kwenye mkeka. "Mwalimu, sisi tulijua," akasema. "Ila wewe ndiwe ulikuwa na bomba."

Daftari la sasa ni la tano. Ukurasa wa tarehe 17 Aprili 2020 una maji yaliyokauka juu ya wino: usiku ule mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba na kuua watu, na mitambo ya maji ikaharibika. Upande wa kushoto ni mkavu kurasa kwa kurasa. Mwaka huohuo tulichanjwa dhidi ya kipindupindu. Kisha ziwa lenyewe likapanda, mwaka ule na tena 2024, likaingia katika nyumba za kartie za Kalundu na Kavimvira, na penye nyumba pana choo. Milima juu yetu imebaki upara, na pariseli za kandokando ya mto zinaendelea kuuzwa, karatasi zikiwa na mihuri. Hilo nalo naliandika, pembeni.

Siku hizi siendi ofisini kupaza sauti. Kila mwisho wa mwezi nampelekea shefu wa kartie karatasi moja: siku kavu ngapi, wagonjwa wangapi. Namwomba kitu kidogo, kwamba maji yatakapokatwa tuambiwe jana yake, tujaze vyombo. Miezi mingine tunaambiwa. Miezi mingine karatasi yangu inafungiwa karanga, nimeiona kwa macho yangu.

Leo ni siku ya nne robine haijatoka, na bidoni zangu mbili za akiba zimeisha. Nimepita kwa muuza ndagala kuazima kidonge cha klorini, akanipa vitatu na kunielekeza mstari ulio mfupi. Nikashuka. Watoto waliponiona na bidoni begani walipiga kelele mpaka kwenye maji: "Mwalimu Samaki! Mwalimu Samaki!"

Nikaitika.