Ukweli wa Injini Kuukuu

Motokaa iliyozeeka ina maadui wawili. Wa kwanza ni kutu, naye hujulikana na kila mtu. Wa pili ni mapenzi ya mwenyewe, naye ni vigumu kumtambua, maana huja na kitambaa laini mkononi. Kutu hula chuma. Mapenzi yasiyo na maarifa hula ukweli.

Mfano mwema ni Corvette ya mwaka 1967. Motokaa hiyo iliundwa St. Louis, Missouri, nchini Marekani, na injini yake ya inchi za ujazo 327 ilitoka Flint, Michigan. Wafanyakazi wa Flint walikuwa watu wa zamu, si wachoraji. Waliipulizia injini rangi ya chungwa kwa haraka. Rangi ikarukia mahali isipotakiwa, na pengine ikachuruzika ikakauka hivyo hivyo. Wakaguzi walitia alama za chaki na madoa ya rangi kuonyesha kuwa kazi imetazamwa. Hapana aliyedhani kuwa madoa yale yatatafutwa siku moja kama lulu.

Leo yanatafutwa. Chama cha watengenezaji wa Corvette kuukuu, NCRS, kilichoanzishwa mwaka 1974, huipima motokaa kwa jinsi ilivyotoka kiwandani, si kwa wingi wa mng'ao wake. Tuzo yake iitwayo Top Flight hutaka alama 94 katika kila 100. Fundi aliyeisugua injini kwa msasa hata ikawa kama kioo hupunguziwa alama; aliyeipaka kwa haraka ile ile ya Flint huzipata. Jambo hili huchekesha, kwamba mtu mzima atoke jasho kuiga pupa ya kijana wa zamu. Walakini cheko likiisha, maana hubaki: kusahihisha kazi ya mtu aliyekwisha kwenda zake ni kumfuta.

Chuma nacho kina shajara yake. Kwenye bloki ya injini, herufi ya kwanza ya tarehe ni mwezi, A ikiwa Januari. Basi D 12 7 ni tarehe 12 Aprili 1967, siku chuma kiliposubiwa. Mbele, upande wa kulia, pana kibao kidogo kilichopigwa chapa ya siku injini ilipoundwa, pamoja na tarakimu za motokaa yenyewe. Hata nyaya za plagi zimeandikwa robo ya mwaka zilipotengenezwa. Kusubu hutangulia kuunda injini, na kuunda injini hutangulia kuunda motokaa. Tarehe zikifuatana hivyo, mashahidi wamepatana.

Je, wasipopatana? Pengine bloki ya asili ilipasuka zamani, na mwenye motokaa wa wakati ule, aliyetaka kufika kazini tu, akatia nyingine. Mwenye motokaa wa leo husimama mbele ya kishawishi kikubwa: kuipiga tupa ile chapa na kugonga tarakimu za uongo. Gharama ni ndogo, faida ni kubwa. Lakini mashine iliyochonga uso wa kibao iliacha mistari myembamba sambamba. Tupa huifuta, na jicho lililozoea huona kuwa haipo.

Hapa pana swali lililo zito kuliko injini. Kuiga mchuruziko wa rangi ni kuiga, na kuiga tarakimu ni kuiga. Kwa nini kumoja kuwe heshima na kwingine hila? Kwa sababu mchuruziko husema, "Ndivyo zilivyokuwa." Tarakimu husema, "Mimi ndiye." Neno la kwanza ni masimulizi, na fundi huweza kulikiri mbele ya kila mtu. La pili ni ushahidi, na likiwa la uongo hapana budi kulificha. Mwenye kuiacha chapa ngeni mahali pake na kumwambia mnunuzi habari yake hupoteza alama na fedha. Hapotezi haki ya kuaminiwa.

Wala ustadi si kutengeneza tu. Injini ambayo rangi yake ya kwanza ingali juu yake, japo imefifia, haihitaji fundi, yahitaji mlinzi. Rangi huweza kupakwa mara mia, bali ya kwanza ilipakwa mara moja. Mwenye kujua hayo huinua brashi, akatazama, kisha akaiweka chini.