Kutoka soko la Virunga hadi Petite Barrière



Siku ya tatu asubuhi tulitoka soko la Virunga kwa miguu, sisi wanne wa chama: wauzaji wa nyanya wawili, mshonaji mmoja, na mwalimu anayewaandikia haya. Tulikuwa tunashuka Birere kulipa deni la chama, kisha kupitia shuleni kuosha madarasa, kwa sababu siku ya kwanza, tarehe 10 Agosti 2020, wanafunzi wa mwaka wa sita wa msingi na wa mwaka wa mwisho wa sekondari walikuwa wanarudi. Njia hii tumeipita mara nyingi tukiwa na mizigo kichwani. Safari hii tuliipita polepole, tukikumbushana miezi hii iliyopita. Hapa Goma mtu akisimama sana kukumbuka, makala yanamuishia jikoni.

Shule zilifungwa mwezi wa tatu 2020, pamoja na makanisa. Tarehe 24 mwezi huohuo Raisi Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura na kufunga mipaka. Rwanda ilikuwa imekwisha kufunga upande wake siku chache mbele. Wenzetu wa Kinshasa wakisikia "mipaka imefungwa" wanafikiri juu ya ndege. Sisi tunafikiri juu ya sahani ya jioni. Petite Barrière ni mlango wetu wa jikoni: nyanya, vitunguu, karoti, maziwa, vinaingia asubuhi vikitoka Gisenyi kichwani mwa mama, na vikwembe na viatu vinatoka huku kwenda kule. Mama wengi walikuwa wanavuka wakiwa na jetoni ya siku moja tu, wananunua, wanarudi, wanauza, na faida inaliwa usiku uleule. Mama wa namna hiyo ukimwambia abaki nyumbani siku kumi na nne, unamwambia ale nini?

Tuseme ukweli pia kuhusu kunawa mikono. Jambo hilo halikuwa geni kwetu. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini mwezi wa nane 2018, ikafika Goma mwezi wa saba 2019, na Korona ilitukuta ndoo zenye robinet zikiwa bado mbele ya milango. Ebola yenyewe ilitangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020 tu. Watoto wetu walijua kunyoosha mikono mbele ya klore kabla hawajajua kuandika majina yao. Kilichokosa ni maji. Katika avenue yetu bidoni la lita 20 linatoka ziwani mgongoni mwa mtoto, na maji hayo ndiyo ya kupika, ya kuoga na ya kufua. Kwa hiyo parsele sita zilikubaliana: kila nyumba ilete bidoni moja kwa zamu, liwe la ndoo ya pamoja, na hakuna anayechota humo kwa ajili ya chungu chake. Kulitokea wizi mdogo wa maji usiku, ndiyo. Tulijua ni nani, na tukanyamaza, kwa sababu alikuwa na mapacha wachanga.

Tukifika karibu na Birere, mmoja wetu alionyesha duka ambapo tulikuwa tunafanyia likelemba. Chama kina mama 28, na mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ilikatazwa. Tukajigawa katika makundi manne, kila kundi na avenue yake, na mama mweka hazina akawa anapita na daftari lake na kinga-mdomo aliyojishonea kwa kipande cha kikwembe. Wengine walituma kwa simu. Waliokosa kabisa waliandikwa kwa kalamu nyekundu, bila kufukuzwa. Hapo ndipo tulipoanza kugombana, maana zamu ya kupokea haingoji, na mama aliyekuwa anategemea zamu yake ya mwezi wa tano kulipa nyumba alipokea nusu tu. Mwenye nyumba hakukubali nusu. Mama huyo alihamia kwa dada yake Ndosho pamoja na watoto watano.

Kitu kilichotuokoa ni camion. Watu walizuiliwa kuvuka lakini magari ya mizigo yaliendelea kupita, kwa hiyo wamama wa pande zote mbili wakaanza kukusanya mizigo pamoja. Tunawaeleza jinsi ilivyokwenda, kwa sababu vyama vingine vimetuuliza. Kila mmoja wetu ana mteja wake wa zamani upande wa Gisenyi, mama kama sisi, tunayemwita dada. Tunampigia simu jioni: gunia mbili za karoti, moja ya vitunguu. Tunaunganisha pesa zote, anapokea mtu mmoja kule, anakusanya magunia ya wote, yanapanda gari moja, na gharama ya gari na ya ushuru inagawanywa kwa magunia. Kila gunia linafungwa utepe wa rangi yake ili tusigombane kwenye kushusha. Faida ni ndogo kuliko zamani, kwa sababu gari linakula. Lakini tulikula.

Na ilihitaji kuaminiana sana. Unatuma pesa kwa mtu usiyemuona, upande ambao huwezi kwenda kudai. Watu wamezoea kusema mengi juu ya sisi na wale wa ng'ambo. Sisi tunaandika tulichokiona: katika miezi minne hakuna dada wa kule aliyekula pesa yetu hata mara moja.

Hasara ilitoka kwingine. Mwezi wa sita gari moja lilisimama siku mbili kwa sababu ya karatasi, na nyanya za mama kumi na mmoja zikaoza. Tulikaa katika parsele, tukiachana mita moja, tukabishana tangu mchana hadi giza. Wengine walisema kila mtu alie na gunia lake. Wengine walisema aliyeweka karoti, ambayo haikuoza, achangie aliyeweka nyanya. Mwisho tuligawana hasara wote. Mama mmoja wa karoti alikasirika, akachukua akiba yake, akatoka katika chama. Hajarudi mpaka leo. Njiani siku ya tatu tulimtaja tena, na mwalimu alisema labda hakukosa: hatukuwa tumekubaliana mbele, tulibadilisha sheria baada ya mvua kunyesha. Sasa tumeandika sheria hiyo kwenye daftari, na tumetuma mtu kwake.

Petite Barrière tuliikuta kimya. Mtu anayeijua atashangaa: hapakuwa na kusukumana, hapakuwa na sauti za "pita, mama, pita!" Askari wawili tu, na mama mmoja anayeuza ndizi tatu juu ya meza. Ng'ambo tuliona nyumba za Gisenyi karibu kabisa, na nguo zimeanikwa. Raisi alikuwa amesema mipaka ingefunguliwa tarehe 15 Agosti 2020. Tulikuwa tunangoja, lakini mlango huu una funguo mbili, na ya pili haiko kwetu. Tulilipa deni letu la gari kwa wakala wa Birere, tukapewa karatasi, tukapanda juu kwenda shule.

Shuleni vumbi lilikuwa limefunika madawati yote. Tuliosha mpaka saa tisa. Wakati wa kufungiwa, masomo yalikuwa redioni, na katika avenue yetu watoto kumi na wawili walikuwa wanazunguka redio moja, tukichangia betri. Walisikiliza vizuri hesabu; imla iliwashinda. Lakini wengi hawakuwa na redio wala jirani wa namna hiyo. Katika darasa la sita tuna majina 41. Tumekwisha kupata habari za 29. Kati ya wale 12, watatu wako mgodini na baba zao, wasichana wawili tunaambiwa wana mimba, na saba hatujui.

Mtihani wa mwisho hauangalii kama mtoto alikuwa anauza maandazi. Msichana mwenye mimba naye ana haki ya kukaa kwenye dawati lake, na mama yake asione haya kumleta. Siku ya kwanza saa moja na nusu tutakuwa mlangoni pamoja na ndoo ya maji. Kama katika avenue yenu kuna mtoto wa mwaka wa sita ambaye hamjamuona akitafuta daftari lake, tafadhali piteni kwao siku ya posho au siku ya Mungu, kisha mumwambie mama mweka hazina wa kundi lenu. Ana orodha.