Taa na Rangi ya Maji

Kuna watu duniani wanaonunua taa kwa ajili ya mawe. Usicheke, msomaji. Huko Ulaya na Marekani mtu huweka tangi la kioo sebuleni, akalijaza maji ya chumvi lita elfu moja na zaidi, akapanda humo matumbawe hai, kisha akakuna kichwa wiki nzima: ninunue taa gani ya LED? Maana tumbawe si jiwe. Ni mnyama mdogo anayejenga nyumba ya chokaa, na ndani ya nyama yake vimo vijimea visivyoonekana kwa macho, vinavyopika chakula kwa mwanga na kumlisha mwenyeji wao. Ukikosea taa, vijimea vinadhoofika na tumbawe linakufa kwa njaa, samaki wakiogelea pembeni kama hapana msiba.

Habari hizi sikuzipata darasani. Nilizipata Kariakoo.

Mimi ni mtu wa Ngorongo, ukitoka Ikwiriri kuelekea Mloka. Kwetu bahari ni habari ya kusimuliwa tu. Maji tuyajuayo ni ya mto, yenye mamba, na masika yanakuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Lakini mjomba wangu alihamia Nyamisati zamani, akaoa huko, akawa mvuvi wa dagaa. Alipouza korosho zake alinipigia simu. Tunaitana mjomba, yeye na mimi.

"Mjomba, njoo twende Dar. Wewe umesoma fizikia. Nataka kuachana na karabai."

Nilisoma fizikia kweli, na matokeo yangu hayakuwa ya kutembea nayo kifua mbele, lakini sikumkatalia. Karabai moja hunywa karibu lita nzima ya mafuta ya taa kwa usiku mmoja, na yeye alikuwa nazo tatu. Tangu mwaka 2011, serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, mvuvi wa taa amekuwa akimfanyia kazi mwenye kituo cha mafuta. Halafu tone moja la maji ya bahari likirukia kioo cha moto, paa! Kioo kimekwenda.

Pale dukani kijana mmoja mwenye maneno mengi alitutolea taa ya bluu. "Hii ndiyo kali, mzee. Ya akwariamu. Wazungu wanafugia matumbawe." Akatueleza, na katika hilo hakudanganya: mwanga mwekundu hufa katika mita chache za kwanza za maji, manjano hufuata, na ukifika mita ishirini katika bahari safi dunia yote ni bluu. Tumbawe limezoea hivyo. Ndiyo maana taa za matangi hayo huegemea bluu, ile ya nanomita 450 hivi.

Mjomba macho yakamtoka. "Si ndiyo tunayoitaka? Inafika chini kabisa!"

Nikamwambia tusinunue kwanza. Ee, alivyonitazama! Pesa ile ilikuwa ya msimu mzima wa korosho, na ndani yake mlikuwa na fungu la binamu yangu aliyekuwa anaingia chuo cha ufundi. Lakini neno lililonikwama ni lile "bahari safi". Nyamisati si bahari safi. Mto Rufiji unashusha tope la sehemu kubwa ya nchi, na majani ya mikoko yakioza yanayapaka maji rangi ya kahawia. Rangi hiyo humeza bluu kabla ya zote. Kijani na manjano ndizo zinazosukuma njia mbali zaidi. Hiyo ni mojawapo ya sababu huoni matumbawe mlangoni mwa Rufiji, wakati ng'ambo kule Mafia yapo mpaka pakawekwa Hifadhi ya Bahari mwaka 1995, ya kwanza nchini. (Na hata yale ya Mafia, mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha mengi. Mwanga peke yake hautoshi.)

Tulirudi mikono mitupu. Hakusema nami mpaka Kibiti.

Kesho yake nilimwomba mkaza mjomba sahani nyeupe, nikaifunga kamba na jiwe, tukaenda nayo chomboni. Unaishusha, unatazama inapotelea wapi. Padri Mwitalia, Angelo Secchi, alifanya hivyo mwaka 1865 katika Mediterania, ndani ya meli ya Papa. Nilipomwambia hivyo mjomba alicheka kwa mara ya kwanza tangu Kariakoo: "Sasa sisi tunavua dagaa kwa sahani ya padri!" Karibu na mikoko sahani ilipotea kabla ya pima moja. Pale anapotandaza nyavu, ilipotea kwenye pima mbili na kitu, na kabla ya kupotea iligeuka kijani-manjano kama embe bichi. Mjomba aliitazama mwenyewe. Sikuongeza neno.

Tukanunua mbili nyeupe na moja ya kijani, za wati 20 kila moja, na betri moja ya N70. Hesabu yake nilimwandikia kwenye karatasi ya sukari: volti 12 mara 70 ni 840, usitumie zaidi ya nusu usije ukaiua betri, gawa kwa 60, unapata saa saba. Usiku wa dagaa unatosha. Mchana paneli ya sola inairudishia.

Giza la kwanza walivua kama kawaida, si zaidi. Fedha ya mafuta ya taa ndiyo iliyobaki mfukoni. Mabaharia walinung'unika. Taa hizi hazina joto la kukausha vidole, na hazivumi. Nahodha alisema amezoea kusikia karabai ikiunguruma, kimya kile kinamletea usingizi. Dagaa walikusanyika kwenye ya kijani na kwenye nyeupe pia, na wapi zaidi, wanabishana hadi leo.

Juzi mjomba amenipigia tena. Anasema kaskazi hii anataka kusogea mbele, upande wa Mafia, maji yalikoanza kuwa buluu. Halafu akaniuliza habari ya bwawa la Julius Nyerere, ambalo yeye huliita "bwawa lenu" kwa kuwa liko juu yetu: lilianza kujazwa Desemba 2022, je, halitashika tope huko huko, maji ya huku chini yakatakata? Nikamwambia bwawa hushika tope, ila mafuriko ya Aprili 2024 tuliyaona sote, na kila mwaka aishushe sahani upya.

Akanyamaza kidogo. "Mjomba, yule kijana wa Kariakoo. Zile za bluu bado anazo?"